Rejista Ambazo Hazijaguswa

"Msimu huu mzani ukiganda hata mara moja, mimi Minza nitabeba pamba yenu kichwani mpaka Maswa, tena nikiimba!"

Alisema hivyo kwenye mkutano mkuu wa ushirika, kwa kipaza sauti, mbele ya wakulima waliojaa uwanja na mbele ya meza kuu yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji ambazo wakulima hawakupewa. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Zengo, akainua mkono kama anayebariki. Hakuna aliyeuliza atafanyaje. Hapa Bariadi ukiahidi jambo kwa sauti kubwa, watu huhesabu kwamba nusu ya kazi imeshafanyika.

Huyo ndiye Minza Mayala, fundi wa kompyuta wa ushirika mmoja wa pamba mjini hapa, ushirika ambao hautatajwa jina maana hauna shida ya matangazo. Msichana wa Lingeka, huko Meatu, mrefu, mwembamba, mwenye mdomo uliofika mjini kabla ya begi lake. Baba yake ana ng'ombe na shamba la pamba, na akiulizwa binti yake anafanya kazi gani husema, "Anachunga kompyuta." Si uongo. Ushirika ulikuwa na kompyuta moja tu ya maana, sava, iliyofungiwa kwenye chumba nyuma ya ofisi chenye harufu ya mbegu za pamba, na Minza aliichunga kweli kweli. Aliipanguza vumbi, akaifukuzia panya, na umeme ukikatika alitoka mbio kuwasha jenereta kabla sava haijazimika.

Sava ile moja ilifanya kazi ya kompyuta nne. Ndani yake ziligawanywa mashine pepe, yaani kompyuta ambazo huwezi kuzishika kwa mkono lakini kazi yake unaiona. Moja ilikuwa ya mzani, moja ya kuwalipa wakulima kwa simu, moja ya hesabu za ofisi, na ya nne ya kamera za ulinzi. Hizo kamera, meneja, Bwana Marcelo, alizipenda kuliko kitu chochote, maana zilimwezesha kuona nani amechelewa kazini huku yeye mwenyewe bado yuko kitandani. Kila mashine pepe ilijiona iko peke yake duniani. Kumbe prosesa, ambayo ndiyo kichwa cha sava, ilizizungukia zote kwa zamu, upesi kiasi kwamba hakuna iliyojua kama inagawana.

Na mzani ulikuwa unaganda. Mkulima anapandisha kiroba, namba kwenye kioo inasimama tuli, karani anasubiri, wapagazi wanagombana, kiroba kinashushwa, na hapo ndipo namba inaamka na kuruka. Msimu uliopita kuna aliyelipwa uzito wa kiroba cha jirani, na kuna jirani aliyelipwa uzito wa hewa. Sasa nenda ukamwambie mtu aliyepalilia pamba tangu mvua za kwanza kwamba hajaibiwa, ni kompyuta tu imesinzia. Nenda. Lakini usivae viatu vya kukimbilia, atakushuku.

Minza aliugundua ugonjwa wa mzani, na namna alivyougundua inafaa isemwe, maana baadaye watu wazima walijifanya hakuna kilichokuwa kinaumwa.

Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye chumba cha mzani anatafuna michembe ya viazi vikavu, akimsubiri Generoza, karani wa mzani, atoke zamu. Na kwenye ushirika ule karani hatoki zamu hivi hivi. Lazima akabidhi ofisi. Hakabidhi ufunguo tu: anakabidhi meza, viti, mhuri, mkasi, fagio, na feni bovu lililokufa kabla hata mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Anayeingia anakagua kimoja kimoja, kisha wanasaini wote wawili. Zamu ikibadilika tena, wanarudia. Nje mkulima anachomwa na jua huku watu wazima wawili wakithibitisha kwamba feni bovu bado ni bovu.

Minza akaacha kutafuna.

"Dada Generoza, hiki ndicho kinachoniulia mzani!"

"Feni?"

"Makabidhiano! Prosesa ina vijisanduku vya kushikia namba inazozifanyia kazi. Vinaitwa rejista. Ikitoka kwenye mashine ya mzani kwenda ya kamera, inabeba vyote vilivyomo kwenye rejista zote, inavihifadhi pembeni, halafu inapanga vya kamera. Ikirudi, inabomoa na kupanga upya. Na inarudi mara chungu nzima ndani ya sekunde moja."

"Si ndivyo inavyotakiwa? Vya huyu vikichanganyika na vya yule je?"

"Zile rejista ndogo, sawa, hazina ujanja. Lakini kuna zile kubwa, za kukokotolea picha za kamera. Mzani hauzigusi kabisa. Mzani unajua kujumlisha na kutoa tu, kama wewe."

"Na wewe na mshahara wako unajumlisha nini?"

"Sikiliza kwanza. Rejista haijaguswa, haina kitu, lakini programu inaibeba, inaihifadhi, halafu inairudisha tupu vile vile. Ni hilo feni lenu, dada. Linasainiwa asubuhi, linasainiwa jioni, na upepo halitoi."

Generoza akalitazama feni kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana. "Basi si muache kulihesabu."

"Ndicho ninachokwenda kufanya."

Programu iliyoigawa sava ilikuwa ya zamani, ya kuhifadhi kila kitu bila kuuliza. Kulikuwa na toleo jipya lililojua kuiuliza prosesa, "Zipi zimeguswa?" Zilizoguswa zinahifadhiwa. Ambazo hazijaguswa zinasafishwa tu, zinakuwa sifuri, ili mashine inayofuata isikute mabaki ya mwenzake. Minza alilipakua kwa bando lake mwenyewe, chumbani kwake Malambo, simu ikiwa imening'inizwa dirishani kutafuta mtandao. Jumapili ofisi ikiwa imefungwa akalijaribu. Mara ya kwanza alikosea. Kuna mahali aliandika kwamba kamera nazo hazigusi rejista kubwa, na Jumatatu Bwana Marcelo akajiona kwenye kioo cha kamera ana uso wa kijani na masikio matatu. Minza akamwambia ni hali ya hewa, akarekebisha kabla ya saa ya chai.

Baada ya hapo mzani ukakimbia. Wakulima walizoea kuja na chakula, na wengine na godoro. Sasa mtu anafika, anapima, simu inalia mfukoni kwamba hela imeingia, na mama ntilie wa getini analalamika kwamba biashara imekufa. Minza akawa anatembea uani mikono kiunoni. Akipita, wapagazi wanamwita "Injinia". Alikuwa anaitika.

Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na watu wangekuwa na amani. Lakini Bwana Marcelo alitaka ripoti ya wiki.

"Andika 'mzani umepona'," Generoza alimwambia. "Maneno mawili. Usijitie usomi."

"Mzani umepona? Mimi ni mganga wa kienyeji? Acha waone kazi."

Akaandika, kwa herufi nzito, sentensi ambazo alizisoma kwa sauti mara kadhaa kwa jinsi zilivyompendeza: "Rejista za mzani ambazo hazijaguswa hazihifadhiwi tena. Zinasafishwa kila zamu inapobadilika. Hatua hii imepunguza mzigo kwa kiasi kikubwa."

Sasa zisome hizo sentensi kwa macho ya mtu wa ushirika wa pamba. Rejista, kwenye ofisi ile, ni daftari kubwa la jalada jeusi lenye majina ya wakulima na kilo zao. Zamu ni zamu ya makarani. Na mzigo ni pamba. Mzigo haujawahi kuwa kitu kingine hapo tangu ghala lijengwe. Kwa hiyo fundi wa kompyuta, kwa mkono wake na kwa sahihi yake, ameuandikia ushirika kwamba madaftari ya kilo za wakulima hayatunzwi tena, yanafutwa kila karani anapotoka, na kwa njia hiyo amefanikiwa kuipunguza pamba. Kwa kiasi kikubwa.

Mlango wa Bwana Marcelo unatazamana na wa Minza. Angeweza kuita, "Binti, hebu njoo, una maana gani hapa?" Angetumia pumzi moja. Hakuita. Aliikunja ripoti, akapanda gari, akaipeleka nyumbani kwa mwenyekiti kama mtu aliyeokota bomu. Dereva alisikia. Dereva akisikia, stendi imesikia. Kabla adhuhuri haijapita, vijana wa bodaboda walikuwa wanajua kwamba fundi amefuta daftari la pamba. Alasiri habari ikafika Maswa, na huko ikapewa nyongeza: amejenga ghorofa Mwanza. Ghorofa! Mtu anayekinga matone ya bati la chumba chake kwa sufuria!

"Injinia!" kijana mmoja wa bodaboda akampigia kelele akivuka barabara. "Kumbe kweli ulisema utaibeba! Umeshafika nayo wapi?"

Wenzake wakacheka mpaka wakalalia usukani. Minza, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu ameota meno, akaongeza mwendo.

Kesho yake asubuhi wakulima walijaa getini, risiti mikononi. Mbele yao alikuwa Ng'washi, mama mtu mzima wa Nyakabindi anayelima ekari zake mwenyewe na kubishana na makarani wote mwenyewe. Risiti zake alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga kwa fundo ambalo polisi wasingelifungua. Minza akapiga goti kidogo, akamwamkia mama yule kwa Kisukuma, kama alivyofunzwa kwao.

"Mwangaluka, mayu."

"Usiniamkie," alisema Ng'washi. "Pamba yangu iko wapi?"

Kuna matusi makubwa kuliko hayo, lakini si kwa Wasukuma. Salamu ya mtoto hairudishwi mkononi mwake kama chenji mbovu. Minza alisimama pale, goti bado limekunjika nusu, na kwa mara ya kwanza akaelewa anachokaribia kupoteza. Kazi ilikuwa jambo moja. Lakini kwao Lingeka baba yake naye analima pamba, naye ana risiti, naye atasikia kwamba binti anayechunga kompyuta amekula jasho la wenzake.

Bodi ikaketi. Walimwita Minza, na wakamruhusu Ng'washi aingie kuwawakilisha wakulima, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Binti," alianza Mzee Zengo, "umeandika hapa kwamba rejista hazihifadhiwi. Ni maneno yako?"

"Shikamoo, mzee. Ni yangu, lakini hizo rejista si daftari."

"Rejista si daftari." Mwenyekiti akawageukia wenzake ili nao waonje. "Haya, ni nini?"

"Ni vijisanduku vidogo, mzee, vya ndani. Ni vya prosesa."

"Vya profesa gani?"

"Si profesa. Prosesa."

"Yuko idara ipi huyo?" aliuliza mjumbe mmoja aliyekuwa ameshika kalamu. Hakutania. Aliandika.

"Si mtu! Ni kipande cha kompyuta!"

"Usipaze sauti, uko mbele ya bodi," alisema Bwana Marcelo. "Na mzigo? Umeandika umepunguza mzigo. Mzigo nao ni kijisanduku?"

"Mzigo wa kazi, meneja! Kazi ya bure ambayo mashine ilikuwa inajibebesha! Si wewe mwenyewe umeona mzani unakimbia?"

"Nimeona unakimbia. Mwizi naye anakimbia."

Wajumbe wakacheka. Mmoja akamwaga soda. Minza akainua vidole vitatu, meza nzima ivione. Kisha akasema polepole, "Rejista nyeusi iko kabatini kwa Generoza. Sava iko nyuma ya ukuta huu. Mayu ana risiti zake kwenye kanga. Chukueni hivyo vitatu mvilinganishe. Mtaweza kufanya hivyo bila mimi, ni kusoma namba tu."

Ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Walikuwa wameagiza vitafunio, walikuwa wamesaini posho, walikuwa wamempigia simu mwanasheria. Kufungua kabati hakuna aliyewaza. Generoza akaitwa, akaja na daftari jeusi kifuani kama mtoto. Ng'washi akafungua fundo. Alisoma kilo zake mwenyewe, kwa sauti, kiroba baada ya kiroba, na Generoza akawa anajibu kutoka kwenye daftari, na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye sava ikawa inajibu vile vile. Hakuna kilichopungua. Wakajaribu jina la mkulima mwingine, na mwingine. Hakuna kilichopungua.

"Pamba yangu ipo," alisema Ng'washi, akaanza kufunga tena risiti. "Yote. Sasa mlitutoa mashambani kuja kuitafuta wapi?"

Mzee Zengo akakohoa.

"Tunashukuru, mama. Hata hivyo..."

Hilo "hata hivyo" ndilo linaloendesha vikao vya nchi hii. Pamba ipo, hata hivyo wananchi wamepata taharuki. Fundi hakuiba, hata hivyo ameandika. Bodi haikukosea, maana bodi haikosei, hata hivyo lazima pawe na mkosaji, la sivyo posho za kikao zitaelezwaje? Basi likapita azimio, na mjumbe mwenye kalamu akalisoma: rejista zote zihifadhiwe kama zamani, ziwe zimeguswa au hazijaguswa, na fundi aandike barua ya kuomba radhi, iwekwe kwenye faili lake. Asipoandika, mkataba wake uishe siku hiyo hiyo.

"Ngoja nielewe," alisema Minza. "Nirudishe ugonjwa, halafu niombe radhi kwa kuwa niliutibu?"

"Si ugonjwa," alisema Bwana Marcelo. "Ni utaratibu."

Generoza alimfuata kwenye chumba cha sava, akafunga mlango.

"Mdogo wangu, andika mistari miwili ulale usingizi. Mimi nimeshaomba radhi humu mara ngapi? Mwaka juzi niliomba radhi kwa sababu ya mvua."

"Kwa mvua?"

"Ilinyeshea pamba. Wakasema kuna mtu alitakiwa kuiona ikija."

Minza alicheka, na kicheko kikamtoa machozi, na machozi yakamtia hasira zaidi. Akachukua karatasi. Akaandika, "Ninaomba radhi kwa." Akakwama hapo. Kwa nini hasa? Chochote ambacho angekijaza baada ya neno hilo kingebaki. Faili la ofisi halina sauti ya kueleza kwamba hapa watu walichanganya daftari na kijisanduku. Atakayelifungua baadaye, huko mbele, msimu mwingine mzani ukizua balaa, ataona fundi aliyewahi kukiri kwamba alichezea kilo za wakulima. Na litakuwa kweli, kwa mwandiko wake.

Akaichana karatasi vipande vidogo, akavitia mfukoni ili wasije wakavihifadhi.

"Sava ni yao," alisema. "Nitarudisha programu yao ya zamani, watabeba rejista tupu mpaka wachoke. Radhi siombi."

"Na kodi ya chumba?"

"Mwenye nyumba naye ataambiwa hata hivyo."

Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kwa uangalifu, bila kuharibu hata nukta, jambo ambalo mtu mwenye hasira za kawaida asingeliweza. Akatoka na begi lake kupitia getini mchana kweupe. Wapagazi walitua viroba chini. Yule wa bodaboda akampeleka mpaka Malambo, akakataa nauli.

Asubuhi mzani ukaganda. Kiroba cha kwanza kilikaa juu mpaka wapagazi wakakiegemea. Foleni ikatoka uani, ikavuka geti, ikakaa barabarani, na mama ntilie akaongeza sufuria. Bwana Marcelo alitoka nje na kutangaza kwamba ni tatizo la mtandao. Ng'washi alikuwa kwenye foleni, amekalia pamba yake.

"Mtandao gani?" akapaza sauti, geti zima likasikia. "Juzi mlikuwa na mtoto anayeharakisha, mkamfukuza kwa sababu hamjui kusoma. Pamba yangu nilihesabu mwenyewe, mbele yao, ilikuwa kamili! Aliyesema yule mtoto ni mwizi aje aniambie mimi!"

Hakuna aliyekwenda. Maneno yale yalipanda mabasi ya siku hiyo, na safari hii Maswa hawakuyaongeza kitu. Yalifika mpaka Lingeka. Baba yake Minza alipiga simu, akaongea muda mrefu kuhusu ndama, na mwishoni akamshukuru mwanawe kwa Kisukuma tu, "Nimesikia, ng'wana. Wabeja."

Siku hizi Minza yuko Lamadi, kando ya ziwa. Wafanyabiashara wa samaki pale wana vyumba vya baridi vinavyolindwa na kompyuta moja yenye mashine pepe kadhaa, na siku ya kwanza walimuuliza swali moja, "Itafanya kazi au haitafanya?" Ripoti hawakutaka. Mdomo anao bado. Sasa analisikilizisha ziwa.

Ushirika nao haukukaa bure. Bodi iliketi tena, ikapata vitafunio tena, ikaamua kwamba sava imechoka. Ikaagizwa nyingine Dar es Salaam. Ilifika ghala limeshafagiliwa na pamba yote imeshaondoka, wakaifunga kwenye chumba kile kile, na ndani yake wakaweka programu ile ile ya zamani, ya kubeba rejista zote, maana ndiyo iliyo kwenye azimio.

Sava hiyo ilinunuliwa shilingi milioni kumi na tisa na laki tano.